Kanda ya Siku ya Kwanza

Sehemu ya tisa

Harusi.

Ndiyo, msomaji, wiki jana hukusoma vibaya. Ile kanda iliyosubiriwa na kituo kizima cha televisheni kwa mwezi mzima, yenye karatasi ya wino mwekundu iliyoandikwa SIKU YA KWANZA, iliingizwa kwenye mashine saa tisa na dakika thelathini alasiri, na kwenye skrini ikatokea harusi.

Wala haikuwa harusi ya mtu baki. Bibi harusi aliyekuwa akikata keki pale, shela imemwendea upande na mashavu yamejaa furaha, alikuwa Mama Kanda mwenyewe, akiwa na miaka ishirini na nne. Mama Kanda wa leo, mwenye hamsini na nne, alisimama nyuma ya kiti cha fundi mitambo, akijitazama.

Wewe uliyefungia viatu gazeti la wiki jana kabla hujalisoma, nakueleza upesi. Mama Kanda ndiye mtunzaji wa chumba cha kanda. Kanda elfu nne na mia mbili zimepangwa kwenye rafu, na ufunguo wake anauvaa shingoni. Mkurugenzi anakitaka chumba hicho kiwe cha kupakia wageni poda kabla ya kuingia studio, na kanda ziende jalalani siku ya Jumatatu. Walibishana hadi wakapatana hivi: kama kwenye sherehe ya miaka thelathini ya kituo Mama Kanda atatoa kitu kimoja tu cha kuwafanya watu wasimame, chumba kitabaki. Naye akaahidi dakika ya kwanza kabisa kituo kilipoingia hewani. Mkurugenzi akaitangaza mwezi mzima, asubuhi na jioni.

Sherehe ilikuwa inaanza saa kumi kamili, mubashara. Wageni walishakaa. Mwenye kituo alikuwa mstari wa mbele na miwani yake mipya.

"Hii ni nini?" Mkurugenzi aliuliza.

"Harusi," alijibu Fundi, binti wa mitambo ambaye hakuwa na desturi ya kuzungusha maneno.

"Naona ni harusi. Nauliza inatafuta nini kwenye kanda yangu."

Kwenye skrini bwana harusi aliingia mbio kwenye picha, akamshika bibi harusi mkono, akatazama kamera kwa wasiwasi, kisha akatoka mbio tena.

"Na huyu bwana mbona haishi kukimbia?" Fundi aliuliza.

"Anaangalia kama kamera inaendelea kurekodi," Mama Kanda alisema kwa sauti ya chini. "Aliisimamisha kwenye miguu yake mitatu, akakataa mtu yeyote kuigusa. Keki nimeikata karibu peke yangu."

Mpiga picha wa kituo kuoa na kujipiga picha mwenyewe! Lakini ndivyo alivyokuwa Lenzi, mume wa Mama Kanda, na ndivyo alivyo mpaka leo akiwa amestaafu.

Bi Birika, mpishi wa chai, alikuwa pale pembeni anapanga vikombe kwenye sinia lake. Yeye na kituo wana umri mmoja wa kazi. Alitupia skrini jicho moja.

"Ulipendeza, dada," alisema. "Kunyweni chai kwanza. Mtu hafikirii vizuri akiwa na koo kavu."

Mama Kanda alimwona mwenzake ametulia mno kwa siku kama ile. Lakini hakuwa na nafasi ya kumfikiria, kwa sababu mlangoni alikuwa amesimama mgeni rasmi.

Mtangazaji wa kwanza wa kituo! Nchi nzima humwita Ngurumo, kwa ile sauti yake inayofanya vijiko vitikisike. Kwa miaka thelathini amesimulia, kwenye kila kipaza sauti alichopewa, jinsi alivyokaa kwenye kile kiti siku ya kwanza, akashusha pumzi na kuifungua televisheni kwa maneno yake. Siku hiyo ya kwanza, husema, alikuwa amevaa koti jeupe na tai ya kijani.

"Kwa hiyo imefutika?" aliuliza. "Yote?"

"Inaelekea yote, mzee," Mkurugenzi alisema, na uso umemshuka.

Sasa msomaji, kama una kalamu, pigia mstari hapa. Mtu aliyepotelewa na dakika tukufu kuliko zote za maisha yake alitakiwa asikitike. Ngurumo hakusikitika. Alishusha pumzi, akajifuta paji la uso, na pembe za mdomo wake zikapanda kidogo.

"Basi msihangaike," alisema. "Maneno ninayo kichwani. Koti ninalo nyumbani, lile lile la siku ile, na ni mwendo wa dakika tatu tu. Nikae kwenye kiti, nisome upya, binti aiondoe rangi, aitie mikwaruzo kidogo. Nani atajua?"

Macho ya Mkurugenzi yaling'aa.

"Fundi, inawezekana?"

"Kuwezekana inawezekana," Fundi alisema. "Kama ni sawa, hilo sijaulizwa."

Mkurugenzi alimgeukia Mama Kanda, akamshika bega kwa upole ambao hakuwahi kuuonyesha tangu aajiriwe.

"Mama, sikiliza. Tutaandika chini ya picha kwamba imetoka chumba cha kanda. Watu watasimama, watapiga makofi. Mkataba wetu utakuwa umetimia na chumba utabaki nacho. Sema ndiyo tu."

Neno moja. Alikuwa amekesha wiki mbili anaomba apate njia ya kukiokoa chumba kile, na sasa njia ilikuwa imekuja yenyewe, na hata jasho haikumtaka. Aliwaza rafu zake. Aliwaza harufu ya vumbi na plastiki anayoipenda kuliko manukato. Moyo wake ulisema ndiyo mara mbili, anakiri mwenyewe.

Halafu alitazama ile karatasi ya wino mwekundu, mwandiko wake wa ujana.

"Hapana," alisema. "Kanda ya uongo haijatoka kwenye chumba changu. Na ikitoka leo, hata zile elfu nne za kweli nani ataziamini? Heri uzitupe."

"Kwa hiyo unataka nini?"

"Dakika kumi na simu."

"Unazo kumi," Mkurugenzi alisema. "Mimi huku narekodi ya mzee. Saa kumi ikigonga, nitarusha nitakachokuwa nacho mkononi."

Ngurumo alikuwa ameshatoka kwenda kuchukua koti. Kwa mtu wa umri wake, alikuwa na mwendo wa kushangaza.

* * *

Lenzi alipokea simu kabla haijalia mara ya pili.

"Mke wangu, mbona siwaoni hewani? Nimeshakaa kwenye kiti."

"Kanda ya Siku ya Kwanza ina harusi yetu ndani."

Lenzi akakohoa, na kikohozi chenyewe hakikuwa cha ugonjwa.

"Harusi ipi?"

"Umeoa mara ngapi, mume wangu?"

"Basi, basi. Usikasirike. Unakumbuka hali ya kanda siku zile. Kituo kizima kilikuwa na kanda arobaini. Tunarekodi Jumatatu, tunafuta Jumatano. Asubuhi ya harusi nilipita kazini, nikachukua moja isiyo na karatasi. Isiyo na karatasi maana yake ni tupu, hiyo ilikuwa sheria yenu ya chumbani. Nikaamua nitaitoa nakala na kuirudisha."

"Ukatoa nakala?"

"Nikatoa. Si ndiyo hiyo tunayoitazama kila mwaka? Halafu hii nikairudisha rafuni."

Mama Kanda alifumba macho. Alikumbuka vizuri kilichofuata, kwa sababu alikifanya yeye. Aliporudi kutoka likizo ya harusi, akiwa mgeni kazini bado, alikabidhiwa orodha ya kanda na kalamu ya wino mwekundu. Akabandika karatasi kwa kufuata nafasi ya kila kanda kwenye rafu. Hakuitazama hata moja. Kosa lilikuwa la nyumba moja, mume amefuta na mke amebandika.

Akiwa bado ameshika simu sikioni, macho yake yalikuwa kwenye skrini. Bibi harusi alikuwa anamlisha keki shangazi yake. Shangazi alikuwa anacheka.

Kitu kikamgonga kichwani.

"Ulianza kurekodi kutoka wapi?" aliuliza.

"Mlangoni. Ulipofika na gari. Shangazi yako analia mpaka anashikiliwa na watu wawili. Unakujua kule kulia kwake."

"Kulia hakumo. Gari halimo. Imeanzia kwenye keki."

"Haiwezekani. Gari na kilio ni dakika sita nzima."

"Nakwambia nimeona mwanzo wake hapa. Fundi amebonyeza, imetokea keki."

"Basi hiyo kanda haikuwa imerudishwa mwanzo," Lenzi alisema. "Mmeanzia katikati."

Msomaji, ungemwona Mama Kanda. Habari ya kupoteza dakika ya kwanza ya televisheni ya nchi aliipokea amesimama. Habari hii ilimkalisha chini. Kwenye chumba chake kuna amri moja tu, imeandikwa mlangoni na imeandikwa ndani ya vichwa vya watu: kila kanda irudishwe mwanzo kabla ya kuwekwa rafuni. Watangazaji wakubwa wamewahi kutolewa chumbani mbele ya wageni wao kwa kuivunja. Ndiyo maana Fundi hakukagua chochote. Kanda ya Mama Kanda haikaguliwi, na ile mashine kuukuu huanza kuhesabu kutoka sifuri popote ilipokuta kanda imesimama.

"Kuna mtu ameingia chumbani kwangu," alisema, "akatazama kanda yangu, na hakuirudisha mwanzo."

"Hilo mtatafutana baadaye," Lenzi alisema. Kisha kiburi cha ufundi kikampanda, akajisahau. "Lakini irudishe mwanzo kabisa uone, maana mimi sirekodi mwanzo wa kanda hata siku moja. Mwanzo hujikunja, picha zinaruka. Kila kanda naisogeza dakika nne mbele ndipo naanza. Wenzangu walinicheka sana kwa hilo. Hata kwenye harusi yangu nilisogeza dakika nne."

Mama Kanda alisimama.

"Kwa hiyo dakika nne za mwanzo hukuzigusa."

"Mke wangu," Lenzi alisema taratibu, "ukifikiria vizuri, dakika nne si kitu. Pengine ni rangi tupu na kelele. Mwache Ngurumo asome zake upya."

"Mwanzoni pana nini?"

"Mimi nitajuaje? Siku ya kwanza ya kituo nilikuwa kitandani na homa. Nimekwambia miaka yote."

Alikuwa amemwambia kweli, tena mara nyingi. Mama Kanda alikata simu na kukimbilia kwenye mashine.

* * *

"Irudishe," alimwambia Fundi. "Mpaka mwanzo kabisa, mpaka ikwame."

"Hii mashine inarudisha polepole, mama. Ukiisukuma inakata kanda."

"Basi iombe."

Fundi aliipiga kofi ubavuni, kofi la mapenzi, na mashine ikaanza kunguruma. Saa ya ukutani ilisema saa tisa na dakika hamsini na mbili. Kupitia kioo kikubwa cha chumba cha mitambo waliiona studio yote, wageni wakijipepea kwa karatasi za ratiba. Kwenye kona ya studio Ngurumo alikuwa amemaliza kurekodi dakika yake ya kwanza ya pili. Koti la zamani lilimbana tumboni mpaka kifungo kimoja kikaamua kujiuzulu.

Mkurugenzi aliingia anasugua mikono.

"Ya mzee iko tayari. Safi kabisa. Hata mimi nimeanza kuamini."

"Naomba niione," alisema Fundi, akaicheza kwenye skrini ndogo. Rangi imetolewa, mikwaruzo imetiwa na vijana wa studio. Ngurumo ameketi, anawakaribisha watazamaji siku ya kwanza ya televisheni yao. Fundi aliitazama sekunde kumi tu.

"Bosi, nyuma yake ukutani pameandikwa nini?"

Mkurugenzi aliinama. Nyuma ya kichwa cha Ngurumo, kwa herufi za futi mbili, lilining'inia bango la sherehe: MIAKA THELATHINI PAMOJA.

Hakuna aliyecheka, kwa sababu kila mmoja alikuwa anajikaza. Bi Birika peke yake aliinama kwenye birika lake kwa muda mrefu kuliko chai ilivyohitaji.

"Naweza kulifuta," Fundi alisema, "nikipewa nusu saa."

"Ninazo dakika tano," Mkurugenzi alisema.

Mashine iliendelea kunguruma. Dakika nne. Dakika tatu. Ngurumo alipita kwenye kiti cha heshima, akaketi, akawapungia watu mkono. Mtangazaji wa siku alijaribu kipaza sauti. Dakika mbili.

Mashine ikatoa kishindo kidogo na kunyamaza. Kanda ilikuwa imefika mwanzo.

"Tuitazame kidogo kwanza," alisema Mkurugenzi.

"Muda wa kutazama haupo," alisema Fundi. "Ni kurusha au kutorusha."

Mkurugenzi alimkabili Mama Kanda. Hakuwa mtu mbaya, msomaji. Alikuwa na haraka tu, na haraka ikikaa sana kwa mtu hufanana na ubaya.

"Una hakika pana kitu mwanzoni?"

"Sina."

"Pakiwa hapana?"

"Jumatatu usilete vibarua. Nitazibeba mwenyewe hadi kwenye lori, moja moja."

Alisema hivyo akiwa ameukaza mkono kwenye ufunguo wa shingoni. Mkurugenzi alitazama bango kwenye skrini ndogo, akatazama kanda.

"Rusha ya mama," alisema.

* * *

Mistari ya rangi.

Kwa sekunde tano nchi nzima ilitazama mistari ya rangi, na Mama Kanda akaanza kuhesabu kichwani maboksi atakayohitaji.

Kisha picha ikaruka, ikatulia. Studio ndogo. Pazia limepinda. Kiti kitupu na meza. Kiti kikaendelea kuwa kitupu. Nyuma ya kamera zilisikika sauti za watu wanaonong'ona, mmoja akisema tuko hewani, mwingine akijibu haiwezekani, hajafika.

Ndipo msichana akaingia kwenye picha.

Alikuwa na aproni, kilemba na sinia la vikombe. Alionekana anapita tu kwenda upande wa pili. Katikati ya njia aliona taa nyekundu ya kamera, akasimama, akawatazama watu wa nyuma ya kamera, akakitazama kile kiti. Kisha akaweka sinia mezani, akaketi na kukirekebisha kilemba chake.

"Hamjambo," alisema. "Msomaji wenu amechelewa kidogo. Msizime televisheni zenu, ni ghali."

Studio nzima, ile ya leo, iliangua kicheko.

"Mimi nachemsha chai hapa," msichana aliendelea kwa utulivu wa mtu aliye jikoni kwake. "Sijui kusoma taarifa, lakini nitawaambia ninayoyajua. Hii nyumba ina watu ishirini na wawili. Wote hawajalala siku tatu. Yule wa taa ameungua kidole. Yule wa nyaya mkewe amejifungua jana, mtoto wa kike, na hajamwona bado kwa sababu yenu. Kwa hiyo picha ikiruka msikasirike. Wanajitahidi."

Mwenye kituo alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Wa kwanza kusimama alikuwa yeye. Wa pili walikuwa wazee watatu wa mstari wa nyuma, mmoja akijishika kidole. Kisha watu wote wakasimama, wakipiga makofi mpaka kioo cha chumba cha mitambo kikatetemeka.

Mkurugenzi hakupiga makofi. Alimsogelea Mama Kanda na kumwinamia sikioni.

"Chumba ni chako," alisema. "Na rafu mpya. Na wageni watapakiwa poda ofisini kwangu."

Mama Kanda alitaka kujibu, machozi yakamtangulia. Hakuyafuta. Alikuwa anamtazama msichana wa kwenye kanda, na zaidi alikuwa analitazama sinia. Sinia la bati lenye pembe moja iliyokunjika. Alilijua lile sinia. Limemletea chai kila siku ya kazi kwa miaka thelathini kasoro wiki mbili.

Aligeuka polepole.

Bi Birika alimwekea kikombe mbele yake.

"Samahani, dada," alisema. "Ninavunja amri yako mara moja kwa mwaka. Siku ya kuzaliwa ya kituo, wewe ukienda kula na kuniachia mlango wazi nikusanye vikombe, mimi naingia kujitazama. Dakika zangu nne tu, basi, halafu nairudisha. Mwaka jana usingizi ulinichukua na mashine inaenda. Nikashtushwa na hatua za viatu, nikaichomoa haraka."

"Miaka yote hii hukusema?"

"Ningesema kwa nani? Siku ile televisheni mjini zilihesabika kwa vidole. Na yule mzee alishaanza kusimulia kwamba alikuwa yeye. Alikuwa anasimulia vizuri, nikaona aibu kumkatisha."

Mama Kanda alimkumbatia na aproni yake na kila kitu. Kwa muda alisahau yule mzee.

Lakini yule mzee hakuwa amejisahau. Upande wa pili wa kioo Ngurumo alikuwa amesimama pamoja na wengine, hapigi makofi, rangi imemtoka. Mtangazaji wa siku alimwinamia kumuuliza kitu, na ilikuwa rahisi kukikisia: mzee, wewe ulikuwa wapi?

Ngurumo alikishika kipaza sauti cha kuwasiliana na mitambo, na sauti yake ikasikika kwenye chumba, ndogo kama ya mtu mwingine.

"Zimeni hapo. Imetosha. Watu wamefurahi. Nawaombeni zimeni."

"Zimebaki sekunde arobaini kabla ya gari la harusi," alisema Fundi, kidole juu ya kitufe. "Bosi?"

Mkurugenzi alimtazama Ngurumo, akamtazama mwenye kituo. Halafu akafanya jambo ambalo asubuhi ile hata yeye asingelisadiki.

"Mama," alisema, "tuzime au tuache?"

Mama Kanda alimtazama Bi Birika. Bi Birika alitazama dari, kama watu wafanyavyo wanapolijua jibu na hawataki kuulizwa.

"Kwenye chumba changu kanda haikatwi katikati," Mama Kanda alisema. "Acha iende."

Kwenye skrini msichana wa chai aligeuza kichwa. Nyuma yake, kando ya pazia lililopinda, mlango ulifunguka. Msichana alitabasamu, akainuka, akachukua sinia lake.

"Haya, huyu hapa amefika," aliwaambia watazamaji. "Mimi nakwenda kuzima jiko."

Kijana aliingia. Alivaa koti jeupe na tai ya kijani, lile lile koti ambalo saa hii lilikuwa limepoteza kifungo kwenye mwili wa Ngurumo. Aliketi, akakohoa, akainua uso.

Hakuwa Ngurumo.

Mama Kanda alikijua kile kikohozi kabla hajauona uso. Kijana mwembamba, mzima wa afya, asiye na dalili ya homa hata chembe, aliitazama kamera kwa wasiwasi ule ule wa bwana harusi anayehofia kama inarekodi.

"Watazamaji," alisema Lenzi, mume wake, "habari za..."

Gari la harusi likaingia kwenye skrini, na shangazi akaanza kulia.

Studio ilichanganyikiwa. Ngurumo alikuwa ameketi, kichwa mikononi. Mama Kanda alisimama pale pale na swali moja likimzunguka kichwani: ile asubuhi ya harusi, kati ya kanda arobaini, ni kweli Lenzi alichukua yoyote tu?

Simu ilitetemeka mfukoni mwake. Aliipokea bila kuitazama.

"Mke wangu," sauti ya Lenzi ilisema, laini mno, "umeme umekatika huku nyumbani. Mmefika wapi?"

Mama Kanda alivuta kiti, akaketi, akanywa funda moja la chai ya Bi Birika.

"Tumefika pale ulipopona homa," alisema.